Musumeno wa Théoneste, kitanda cha Anne

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 5 Agosti 1968

Mama mukwe amerudi kwake Kirotshe leo asubuhi. Ametuachia samaki kavu, baraka, na matata. Matata yenyewe njo haya: siku ya Mungu, siku ya misa, anarudi kumuchukua Anne.

Hakugomba. Angegomba ningejua namna ya kujibu. Aliamuka mapema kwenda kuota moto, akamukuta Anne amelala juu ya mukeka pembeni ya mafiga, mbuzi mugongoni pake. Benoît na mutoto mudogo Hubert wanalala na mimi, nafasi imekwisha. Anne ana miaka mitano, njo mukubwa wao, njo maana alihamishwa. Mama mukwe aliwatazama wale wawili, Anne na mbuzi, muda murefu. Kisha akasema kwa upole kwamba kwake kuna kitanda, kuna hewa ya ziwa, hospitali iko karibu, na tangu zamani mutoto wa kwanza analelewa na koko yake, mama ya baba.

Mama mukwe hakataliwi usoni. Nilitazama chini kama inavyopashwa. Lakini nilitazama chini nikifikiri. Nikamuuliza, kwa heshima yote, na kama Anne angekuwa na kitanda chake je?

Akasema: “Kama iko na kitanda ya mbao, ya miguu, mi narudi mikono bule.”

Mbele ya Mungu na mbele ya mbuzi, alisema hivyo. Basi!

Anne hatoki hapa. Huyu mutoto anaimba akichambua maharagi. Akienda, nani ataimba? Mimi? Mimi nasinzia nikichambua.

Bwana yangu Théoneste, seremala, hayupo. Alipanda kamiyo kwenda Mubi, kule pori ya Walikale, kutafuta magogo ya mbao ngumu. Atarudi siku kamiyo itakayorudi, na kamiyo haiulizi muntu. Lakini hangari yake ya kazi iko hapa. Ndani kuna boriti za muti wa sipre, nene, zinangoja kupasuliwa. Na kuna musumeno wa meza, ule muzungu wa pareto aliouacha alipokwenda zake Ulaya: meza ya chuma, katikati mwanya, na mu ule mwanya inatokea sahani ya chuma yenye meno. Motere ya mazutu, kama ya kamiyo, inavuta mushipi wa ngozi, mushipi unazungusha sahani. Théoneste anausalimia kila asubuhi kabla ya kunisalimia mimi. Sheria yake ni moja: muntu asiuguse.

Ningeweza kumulomba jirani, Papa Léopold, anayepasua mbao kwa musumeno murefu, yeye juu, mwenzake chini ndani ya shimo. Lakini Papa Léopold ana bibi, na bibi yake ni Anastasie. Kumulomba Léopold ni kumulomba Anastasie. Na kitu ulichomulomba Anastasie utakisikia mpaka siku ya hukumu. Hapana.

Nitapasua mwenyewe. Manivele ya ile motere, ule mukono wa kuiwasha, nimeizungusha mara nyingi, hata na Hubert mu tumbo. Kitu gani cha kushangaza?

Jioni. Nimejaribu. Kwanza sheria yangu mimi: sahani ikizunguka, hakuna mutoto mu hangari. Anne alikaa na wadogo zake chini ya muti wa karibatusi, pahali ninapowaona. Motere iliwaka vizuri. Sahani ilizunguka vizuri. Mbao iliingia, ikalia kama nguruwe, ikatoa moshi. Kile kipande nilichopata ni cheusi kama muhindi wa kuchoma. Kitanda cha makaa!

Kesho.

Siku ya pili, tarehe 6 Agosti

Sababu ya moshi imepatikana. Meno ya sahani yamejaa ulembo wa miti, mweusi, mugumu kama sukari iliyoungua. Hayaumi tena, yanasugua tu. Dawa naijua, kila mwanamuke anaijua: kinachoganda ku chungu kinatoka kwa maji moto ya majivu. Toa sahani, chemusha, rudisha. Kazi ya kumaliza kabla ya Hubert kuamuka.

Sahani inashikwa na ekru, nati kubwa, katikati. Nyuma yake kuna ulimi mudogo wa chuma, sijui kazi yake, nikautoa kwanza maana ulinizuia. Kisha nikatia funguo kubwa nikaivuta upande wa kushoto, kama ekru zote za dunia. Haikutikisika. Nikavuta kwa mikono miwili. Nikapanda juu ya meza, nikasimama juu ya ile funguo, nikaruka. (Motere ilikuwa imezimwa na mushipi umetolewa. Mimi si mujinga.)

Hapo njo Anastasie alipopita na kikapo chake cha viazi. Akasimama ku lupango, ule uzio wa katikati yetu. Akauliza kama mashini imekataa kucheza na mimi. Nikamujibu kwamba napima nguvu ya chuma. Akasema ni vizuri, chuma ipimwe. Akaweka kikapo chini ili atazame vizuri zaidi.

Alipochoka akaenda. Kwa hasira nikaivuta ile funguo upande wa kulia. Ekru ikatoka kama jino la mutoto! Mimi nikaangukia mu unga wa mbao mpaka kiuno. Sasa naelewa: waliitengeneza kinyume ili isijifungue yenyewe sahani ikizunguka. Wangeweza kuandika.

Nikachemusha sahani na majivu mu sufuria kubwa, ile ya maharagi ya sikukuu. Ikatoka inangaa kama kioo. Nikajiona ndani yake. Yule mama amechoka.

Usiku maharagi yalipikwa mu sufuria ile ile. Benoît alitema. Anne alionja akasema yananuka kama kiti cha kanisa. Nikawaambia kiti cha kanisa ni kitu kitakatifu, wale. Wakala.

Siku ya tatu, tarehe 7 Agosti

Sahani safi, meno safi, roho safi. Nikairudisha, nikakaza ekru, nikawasha motere. Mbao iligusa sahani, sahani ikaipapasa. Ikaipapasa tu! Haikuuma hata kidogo. Nilisukuma mpaka miguu ikateleza. Moshi tena.

Nikazima. Nikaizunguka meza. Nikalaumu mbao, nikalaumu mazutu, nikamulaumu muzungu wa pareto.

Sauti ikatoka ku lupango. Anastasie, na kikapo bila kitu ndani. Mwanamuke huyu anabeba kikapo kitupu ili apate sababu ya kupita.

“Mama Anne,” akasema, “meno inaangalia Walikale, na mbao inatokea Goma. Itakutana wapi?”

Nikaangalia. Kweli. Niliirudisha sahani mugongo mbele. Meno yote yalikuwa yanakimbia mbao badala ya kuipokea. Lakini mbele ya Anastasie? Nikamwambia kwamba njo namna wanavyofundisha sasa ku shule ya ufundi Bukavu. Akauliza kama ku hiyo shule pia wanafunzi wanalala na mbuzi.

Habari ya mbuzi imeshafika kwake! Nani alisema? Kuta zetu ni za udongo, lakini inaonekana ni udongo wenye kinywa.

Nikangoja aende. Hakuenda. Nikamunyonyesha Hubert, nikatwanga sombe, majani ya mihogo, nikaanika nguo, yeye bado. Mwishowe bwana yake akamuita. Nikakimbia, nikageuza sahani, nikawasha.

Ikakata! Sipre ilifunguka kama mukate, harufu nzuri, unga mweupe unaruka. Nilicheka peke yangu. Niliona muguu wa kwanza wa kitanda. Niliona Anne amelala, mikono wazi. Kisha mushipi ukalia wii, ukaruka toka ku gurudumu, ukaanguka chini kama nyoka aliyekufa.

Nimeugusa. Umekauka. Una nyufa kama kisigino cha muzee.

Lakini ngozi! Ngozi naijua mimi.

Siku ya ine, tarehe 8 Agosti

Mama yangu alikuwa na inkanda, ile nguo ya ngozi ya wamama wa zamani. Ilipokauka aliipaka mavuta ya ng'ombe, akaikanyaga, akaikunja, akaikanyaga tena, mpaka ikawa laini kama sikio la ndama. Sisi hapa mu Masisi tunajua ngozi kuliko muntu yeyote aliyetengeneza hizi mashini. Mushipi ni ngozi. Ngozi ni ngozi. Nani alikuwa ameufikiria ule mushipi kama kiumbe? Hakuna. Walikuwa wanauzungusha tu, maskini, bila chakula.

Nina chungu kidogo cha mavuta, yale yaliyofukizwa moshi muzuri, ya kumupaka Hubert. Nilimaliza chungu chote. Anne na Benoît walikanyaga mushipi wakiimba, siku ya furaha kabisa. Ulingaa! Ulinuka kama arusi. Nikauvalisha, nikawasha motere.

Motere ikakimbia. Mushipi ukakimbia. Sahani ikasimama kimya, kama muntu anayesikiliza mahubiri marefu. Mushipi ulikuwa unateleza juu ya gurudumu, unalipapasa, unalibembeleza, lakini kulivuta hapana. Nilikuwa nimesahau kitu kidogo: mama yangu alitaka inkanda iteleze juu ya mwili wake. Mushipi hautakiwi kuteleza.

Nikautoa, nikautundika ku muti ukauke, nikaingia kumunyonyesha Hubert. Nadhani nilisinzia kidogo. Nilipotoka nje, mushipi haupo.

Imbwa ya Anastasie inaitwa Komanda. Ilikuwa katikati ya maharagi yangu, mushipi mu kinywa, imbwa zote za mulima nyuma yake kama maandamano. Nikamufunga Hubert mugongoni nikakimbia. Tulishuka shamba, tukapita mbele ya kanisa. Katekista alikuwa anafundisha watoto amri kumi; wote wakatoka kutazama. Ku mutoni nikakamata ncha moja. Komanda alikuwa na ncha ingine. Tulivutana. Nilishinda, lakini si kabisa: kipande kirefu kama mukono kimekwenda ndani ya Komanda.

Anastasie alisema imbwa yake haijaiba hata siku moja. Akasema kama muntu anapika mushipi na mavuta, asishangae wageni wakija kula.

Kibaya zaidi ni kwamba alikuwa na haki.

Siku ya tano, tarehe 9 Agosti

Siku mbili zimebaki na kitanda kina muguu nusu.

Niliamuka kabla ya jogoo. Nikafua mushipi na majivu mara nyingi mpaka mavuta yakatoka, nikaukausha juu ya mafiga, nikakata pale Komanda alipotafuna, nikashona kwa kamba za ngozi. Kisha nikausugua na ulembo wa sipre. Ndiyo, ulembo ule ule! Ku meno ni adui, ku mushipi ni rafiki, unashika. Lakini mushipi sasa ni mufupi. Nikalegeza motere ku boriti zake, nikaisogeza karibu kwa nguvu ya mugongo wangu na nyimbo za Anne. Nikakaza. Nikawasha.

Ikazunguka! Ikakata! Nikapasua ubavu wa kwanza wa kitanda, muzima, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nikapasua wa pili mpaka nusu.

Hapo nikaona ile njia ya musumeno inajifunga nyuma ya sahani, mbao inaibana sahani kama mulango unavyobana kidole. Nikafikiri, hii si vizuri. Sikumaliza kufikiri. Namushukuru Mungu nilikuwa nimesimama pembeni, maana Théoneste anasimama pembeni siku zote. Mbao ilirudi nyuma. Haikuanguka, hapana. Iliruka. Ilipita pale tumbo langu lingekuwa, ikatoka hangari, ikavuka lupango, ikaingia kwa Anastasie bila kubisha hodi.

Nikasikia pah. Kisha maji mengi. Kisha kuku.

Nikazima motere. Nikawahesabu watoto, wote chini ya karibatusi, macho wazi. Nikaketi juu ya unga wa mbao. Nilikuwa bado nimeketi wakati Papa Léopold alipokuja na mbao yangu ku bega.

“Mama Anne,” akasema, “mbao yako ilikuja kutusalimia.”

Akaeleza taratibu, kama muntu anayetoa habari za kilio. Watu wote wazima. Lakini chungu kikubwa cha kasigisi, pombe ya ndizi ya wale watakaomusaidia kesho kubeba magogo, hakipo tena. Komanda anailamba sasa hivi, na ameanza kutembea upande upande.

Nyuma yake alisimama Anastasie. Hakusema kitu. Anastasie kimya! Sijawahi kuona. Naogopa kimya chake kuliko ile mbao.

Siku ya posho, mwisho wa juma, tarehe 10 Agosti

Alikuja asubuhi. Nilikuwa nimetayarisha majibu yangu, makali, yamepangwa vizuri. Hakunipa nafasi. Aliingia mu hangari, akaangalia sahani mbele na nyuma, akauliza ulimi wa chuma uko wapi.

Nikaenda kuuleta jikoni. Tangu siku ya pili naugeuzia viazi ku moto, unafaa sana. Anastasie akautazama. Ulikuwa bado na ganda la kiazi. Akalitoa na ukucha.

Inaonekana ule ulimi unakaa nyuma ya sahani ili njia ya musumeno isijifunge. Inaonekana ni kitu cha lazima sana. Nikamuuliza amejuaje.

“Sasa unafikiri miaka yote hii nasimama ku lupango nachunga nini?” akasema. “Uzuri yako?”

Kisha akalomba kamba. Akapima kutoka sahani mpaka ile rula ya chuma inayoongoza mbao. Mbele, nafasi ya ngumi mbili. Nyuma, nafasi ya ngumi mbili bila kidole kimoja. Njo ile! Mbao ilikuwa inaingia pahali pana na kutokea pahali pembamba, kama mubatizwa munene ku mulango wa sakristia. Tukalegeza rula, tukainyoosha, tukapima tena, tukakaza.

Kabla ya kuwasha akataja bei yake. Si pombe, pombe atatengeneza tena, ingawa ndizi zitatoka kwangu. Anataka kesho, misa ikiisha, mbele ya wamama wote, niseme kwa kinywa changu kwamba musumeno wa Léopold njo muzuri kuliko wetu.

Nikamwambia afadhali anilombe mbuzi. Akasema mbuzi ina kazi, inamulaza Anne.

Nikakubali. Kwa Anne ningesema musumeno wa Léopold ni Papa wa Roma.

Tulifanya kazi mpaka saa sita. Mimi nasukuma, yeye anapokea nyuma. Lazima niandike, maana hakuna atakayesoma: anapokea vizuri kuliko Théoneste. Haongei wakati sahani inazunguka. Mbao zilitoka sawa sawa, nyeupe, bila moshi. Nikapigilia kitanda ndani ya nyumba, pahali pake kabisa, misumari ya Théoneste, nyundo ya Théoneste. Miguu mine. Muguu mumoja ni mufupi, nikautia jiwe.

Anne alilala juu yake akanyoosha mikono kila upande. Hakugusa muntu. Aliuliza kwa sauti ndogo kama kitanda chote ni chake. Nikasema ndiyo. Akauliza kama mbuzi anaruhusiwa. Nikasema hapana, na hapo sikucheka. Kisha nikatoka nje kidogo, moshi wa jikoni uliniingia mu macho.

Kitu kimoja cha kupanga. Mama mukwe asijue ni nani alipasua. Akisikia mama ya Anne anacheza na musumeno, hatamuchukua Anne tu; atamuchukua Benoît, Hubert, na labda mbuzi. Kwa hiyo: kitanda kilitengenezwa na Théoneste kabla ya kwenda Mubi. Juma lililopita kilikuwa mu hangari kinakauka. Muzuri sana. Anne nimemwambia asidanganye, ni zambi. Akiulizwa, aimbe.

Siku ya Mungu, tarehe 11 Agosti

Mpango wangu ulikuwa huu: kusema maneno ya Anastasie haraka haraka mara tu misa ikiisha, kabla mama mukwe hajafika. Lakini mama mukwe alipata kamiyo ya alfajiri. Alikuwa ndani ya kanisa, kiti cha mbele, shanga zote shingoni.

Tulipotoka wamama walikusanyika kama kawaida. Mama mukwe alinishika mukono. Anastasie akaja akasimama mbele yangu, mikono imekunjwa, anangoja. Nilimuonyesha kwa macho kwamba mama mukwe yuko. Akaendelea kungoja.

Neno ni neno. Nikapanda juu ya jiwe nikasema kwamba musumeno wa Papa Léopold ni muzuri kuliko wetu, maana haujavunja chungu cha muntu, na wa kwetu umevunja cha Mama Anastasie, na pombe yote ndani. Wamama walipiga makofi. Nikashuka.

Mama mukwe akaniacha mukono. Akamugeukia Anastasie. Akamuuliza nani alikuwa anakata siku hiyo.

Nikajua imekwisha. Nilimutafuta Anne kwa macho. Alikuwa ku mulango wa kanisa anamufunga Benoît vifungo, anamuimbia, hajui kitu. Nikafikiri: nguo zake ziko mbili, nitazifua leo.

Anastasie alichukua wakati wake. Nilimuona anauonja, ule wakati, kama muntu anayeonja kasigisi.

“Ni mutoto wako Théoneste, Mama,” akasema. “Alikuwa na haraka ya kwenda Mubi.”

Mama mukwe akatikisa kichwa. Akasema hata utotoni alikuwa hivyo, haraka, haraka. Akamulomba Anastasie musamaha kwa niaba ya mutoto wake.

Anastasie amedanganya kwa ajili yangu mbele ya kanisa! Sasa nifanye nini na huyu muntu? Afadhali angenitaja. Ningejua namna ya kumuchukia.

Nyumbani mama mukwe alikitazama kitanda. Alikitikisa. Aliinama akaona jiwe, akasema Théoneste hajui kupima miguu. Akamuuliza Anne kama ni chake. Anne akaanza kuimba. Mama mukwe akakikalia, akavua viatu, akalala kidogo kwa kujaribu. Akalala usingizi mpaka maharagi yakaiva.

Alipoamuka akatamka hukumu: Anne haendi.

Nilimushika Anne nikamubana mpaka akalalamika. Nilitaka kucheza, nikajizuia, nikaenda kuleta maji ya kunawa. Nilipokuwa natoka ku mulango nikasikia neno la pili.

“Na mi siendi. Kitanda yangu ya Kirotshe inazama katikati. Hii inanyoosha mugongo.”

Atakaa na sisi mpaka Hubert atembee.

Hubert bado hajui kukaa.

Siku ya pili ya juma lingine, tarehe 13 Agosti

Théoneste alirudi jana na magogo, vumbi mpaka ku meno. Kabla hajashuka vizuri, mama yake alikuwa amesimama mbele ya kamiyo anamugombeza juu ya chungu cha Anastasie. Mbele ya dereva! Aliambiwa kwamba haraka haina baraka, kwamba pombe ya jirani si maji ya muto, na kwamba muguu wa kitanda unapimwa kabla ya kukatwa. Alimutazama mama yake. Alinitazama mimi. Mimi nilitazama chini kama inavyopashwa.

“Ndiyo, Mama,” akasema. “Nilikosa.”

Njo maana niliolewa naye.

Kisha akaingia mu hangari, mimi nyuma yake. Aliizunguka meza. Aligusa sahani inayongaa, alihesabu mishono ya mushipi kwa kidole, akainama akaunusa. Akauliza, polepole, kwa nini mushipi wake unanuka kama bibi arusi. Nikamueleza yote, tangu mbuzi. Ile mbao iliyoruka, nikaipunguza kidogo. Hakucheka mpaka nilipofika ku Komanda. Kisha hakuweza kuacha.

Lakini alipomaliza kucheka akawa mukali. Aliniwekesha mukono juu ya chuma cha meza, akaniapisha kwamba sitaugusa tena. Nikaapa kwa roho yote. Nilikuwa nimeamini kabisa wakati naapa. Mama wa watoto watatu haingii mu vita na meno ya chuma. Nimejifunza.

Hayo yalikuwa jana.

Leo mama mukwe amepanga upya vyungu vyangu. Amesema Hubert anafungwa vibaya mugongoni, kwamba sombe yangu ina haraka kama bwana yangu, na kwamba mwanamuke anayesinzia muchana anaficha kitu. Usiku Anne analala mu mukono wake, wanaimba wote wawili, ni vizuri kuona, sikatai. Lakini wanaanza tena saa kumi ya asubuhi. Na mama mukwe anaimba sauti ya pili.

Nimefikiri. Kwa nini haendi Kirotshe? Kwa sababu kitanda chake kinazama. Dawa iko wazi kama muchana: atengenezewe kingine, kipana, kichwa cha mbao ngumu ya Walikale, kama kitanda cha askofu. Tunakipakia ku kamiyo, yeye juu yake, tunapunga mukono.

Kesho Théoneste anashuka barabarani kupakua magogo yaliyobaki. Atakawia, na mama mukwe atakwenda naye kumuchunga asifanye haraka. Mbao ya Walikale ni ngumu, sahani itahitaji kwenda mbio zaidi. Nimechunguza motere. Ubavuni kuna parafujo ndogo, nadhani njo inayoshika mbio zake, imepakwa rangi nyekundu. Théoneste alishasema isiguswe kamwe, lakini hakusema sababu, kwa hiyo haiwezi kuwa jambo kubwa.

Nimeshamwambia Anastasie. Anakuja saa mbili.